Nyigu Waliokaa Chumbani Mwako

Mamangu,

Leo ofisini wameniomba nianze kufuga nyigu upya. Wamenionyesha chumba chenye mashine ya baridi ambayo haizimiki stima ya mji ikikatika. Nimewaambia nitafikiri. Nimerudi Kibokoni, nimekaa kitandani mwako hapa chumba cha chini, na nimeona nikuandikie wewe kabla sijawajibu wao. Nimechoka, Mama. Usingizi hauuondoi uchovu huu. Ni wa kubeba jambo moja mwaka mzima na kukosa pa kulitua.

Unakumbuka walivyoingia nyumbani. Ilikuwa miezi ya joto, stima kule ofisini Kizingo inakatika kila adhuhuri, na jenereta imekufa. Nyigu wangu hawastahimili joto. Nikakuomba chumba chako, kwa ajili ya kuta zake nene na dirisha linalotazama kichochoro kisichopata jua. Wewe ulikuwa na kile kidonda cha mguu ambacho sukari haikiachi kipone. Hata hivyo, kabla sijamaliza kueleza ulishaanza kukunja shuka.

"Waweke," ulisema. "Mimi nitalala ukumbini."

Mwanzo hukuamini kwamba ni wadudu. Ulidhani nimekuletea visahani vya vumbi, mpaka nilipokupa kioo cha kukuzia na vumbi likatembea. Nikakueleza kwamba hawa hawaumi mtu. Wao hutaga ndani ya mayai ya nondo, yule ambaye viwavi wake humaliza nyanya za wakulima wa Kwale. Mtoto wa nyigu hulila yai kwa ndani, na badala ya kiwavi hutoka nyigu mwingine. Ulisikiliza kwa makini, kisha ukauliza waume zao wako wapi.

Nikacheka. Nilikwambia hawana. Ndani ya miili yao wanaishi bakteria ambao mama humrithisha mtoto kupitia yai. Nyigu dume hawezi kuwarithisha, kwa hiyo bakteria hao humfanya mama azae mabinti watupu, bila kuonana na dume. Ukaniuliza, na bakteria wakifa? Nikasema mabinti hukoma, wakazaliwa madume tu. Nikakwambia joto huwaua, ndiyo maana tumekuja chumbani kwako. Hilo la joto nilikwambia. La dawa sikukwambia. Halikunijia hata akilini.

Tangu siku hiyo ukawaita wari, kama wasichana wanaotawishwa ndani wasionane na mume. Nikienda kazini, wewe ndiye uliyewapaka asali kwenye vikaratasi vyao kwa unyoya wa kuku, ukichechemea kutoka ukumbini. Jirani yetu Bi Salma akija kukujulia hali, ulimwambia apunguze sauti, ndani kuna wari. Aliniuliza siku moja, kwa upole, kama akili zako zi sawa. Tulicheka sana mimi na wewe. Nadhani ndiyo mara ya mwisho tulipocheka hivyo.

Kisha joto likazidi hata humu ndani. Nyigu wakawa wazito, wengine hawapandi kwenye mayai ya nondo niliyowawekea. Nami nikawa siketi. Nikitoka kazini nilikwenda moja kwa moja kwenye visahani, nikainama hapo mpaka maghribi. Ulikuwa ukinitengea chakula, nami nakiacha.

Baada ya majuma mawili, asubuhi moja nilitazama kizazi kipya kwa hadubini nikaona vipembe vyenye manyoya marefu. Hayo ni ya madume. Kisahani cha pili, madume. Cha tatu, vivyo hivyo. Lakini kipimajoto kilionyesha joto halijafika kiwango cha kuwaua bakteria. Nikaja ukumbini. Ulikuwa umeegemea mto, mguu juu ya kigoda. Nilikuuliza umewapa nini.

"N'liwaona wanyonge, mwanangu," ulisema. "Nikawagawia dawa yangu ndani ya asali."

Kapsuli zako za kidonda. Ulikuwa ukizifungua kila asubuhi na kumwaga unga wake kwenye kibakuli cha asali. Nikakwambia dawa hiyo inaua bakteria, na waliouawa ndio waliowafanya wari kuwa wari. Nikakwambia umeimaliza kazi yangu ya miaka mitatu. Sikupaza sauti. Wewe ulishika upindo wa kanga yako, ukanitazama, ukaniomba radhi. Mama mzima ukamwomba radhi bintiyo. Nilibeba visahani nikaondoka.

Ofisini nilimsimulia Mwakio, yule Mtaita ninayefanya kazi naye. Nilimsimulia kwa hasira, nikitaraji anionee huruma. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Sasa mama yeye alikuwa anameza nini?"

Niliacha kila kitu mezani. Tuktuk ilinifikisha nyumbani. Nilipofungua bandeji yako, vidole viwili vilikuwa vimekuwa vyeusi, nawe ulikuwa umevitia udi na marashi ili nisisikie harufu.

Hospitalini walikata vile viwili, kisha wakakata mguu. Daktari alisema kidonda kilikuwa kimeshaingia ndani sana na sukari ilikuwa juu, hawezi kuapa kwamba zile kapsuli zingekuokoa. Nimelirudia jibu hilo mara nyingi. Halinipi nafuu, wala halinihukumu.

Ulikuwa ukiniuliza wari wanaendeleaje. Nilikwambia wazima. Nilikudanganya, Mama. Madume waliishi siku chache, na majike wachache waliosalia hawakuwakubali, kwa kuwa vizazi na vizazi vyao havikujua dume. Wote walikwisha wewe ukiwa bado wodini. Niliviosha visahani peke yangu.

Siku moja nilipata ujasiri wa kukuuliza kwa nini uliwapa dawa yako yote, hata hukujibakishia.

"Wewe ulikuwa huli," ukasema. "Nikaona wakipona hao, utakula."

Juma lililofuata tulikuzika.

Nafikiri nitawakubalia ofisini. Nitakwenda mashambani Kwale kutafuta jike mmoja mwenye bakteria wake, nianze naye. Atakayekuja kunisaidia, jambo la kwanza nitakalomwambia ni hilo la dawa. Sifanyi haya kwa furaha. Nafanya kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua, na wakulima wanasubiri.

Lakini asubuhi ile hainiachi. Kila nikiamka naiona, na kila mara naitengeneza upya. Natoka chumbani, nakukuta umeegemea mto. Visahani naviacha mezani. Naketi chini karibu na kigoda chako, nauinua mguu kwa mikono miwili, na nakuuliza kama nilivyopaswa kukuuliza kila siku kabla ya neno lingine lolote: Sabalkheri, Mama. Mguu umeamkaje?

Ni mimi bintiyo, ninayekuomba radhi,
Zuhura