Pete ya Mpira Mfukoni Mwangu

Baba,

Natumai barua hii imekukuta asubuhi, umeshakunywa chai na umekaa pale kwenye jua la veranda, maana ndivyo nilivyomwomba Shangazi. Nimemwambia asikusomee jioni. Jioni, anasema, unachoka na maneno yanakukimbia. Nimeiandika kwa herufi kubwa, ili ukitaka kuisoma mwenyewe usianze kuhangaika na miwani. Wewe na miwani yako hamjawahi kuelewana.

Ni mimi binti yako wa kwanza, yule nesi wa Woodbridge huku Amerika, unayemwita "mama" kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Nalitaja hilo mapema kwa ajili ya zile siku ambazo sura yangu haikujii.

Nataka tuzungumze juu ya gari.

Ulikuja kuishi nami baada ya Mama kufariki. Ilikuwa Novemba. Ulikaa dirishani ukitazama majani yakianguka, ukaniuliza watu wa huku hufanya nini mchana kutwa. Miaka hamsini ulikuwa fundi wa umeme wa malori Nakuru, halafu mimi nakuletea televisheni na blanketi. Kufikia Machi ulikuwa umeshamshawishi mzee mmoja wa Upper Marlboro akuachie fremu ya gari alilokuwa ameanza kulijenga akakata tamaa, na mimi nikaamriwa nitoe gari langu gereji. Hukuamuru kwa ubaya. Ulisema tu, "Mama, hiyo Toyota yako haiogopi mvua."

Miaka miwili tukajenga. Injini ilitoka kwenye gari lililopata ajali, mabamba ya alumini tukayakata wenyewe, na majirani wakazoea kelele zetu. Papa Odilo, yule jirani yetu wa Lubumbashi, alikuwa akija kila Jumamosi na kiti chake cha kukunja. "Mzee," angekuuliza, "hii motokari itatembea kweli, ao ni ya kuangalia tu?" Wewe ungemjibu bila kuinua kichwa, "Wewe endelea kukaa, utaona." Nadhani hukuwa na rafiki mwingine Amerika nzima, na hukumhitaji mwingine.

Nilikuwa nikitoka zamu kule Manassas, miguu imevimba, nikivaa aproni juu ya sare na kuingia gereji moja kwa moja. Mume wangu alidhani nakuonea huruma. Ukweli ni kwamba nilipenda. Nilipenda hasa nyaya. Kwako wewe gari lilikuwa ni nyaya na njia zake, hayo mengine ni vyuma vya kuzibeba. Ulizichora zote kwenye kadibodi ya boksi la nafaka ukaibandika ukutani, nyekundu, bluu, kahawia, na kila mahali waya ulipopenya bamba uliweka alama ya duara.

Kwenye kila duara tulifanya kazi ileile. Unatoboa tundu. Unapitisha tupa kwenye ukingo mpaka unang'aa. Halafu unanipa zamu yangu, na zamu yangu ilikuwa pamba. Pamba ya kawaida, ya kusafishia vidonda, niliyokuwa nikitembea nayo kwenye mkoba. Nilizungusha kipande ndani ya tundu, na uzi mmoja tu ukinasa, ulisema, "Rudia." Baada ya hapo ndipo inakuja pete ya mpira, umeshailoweka kwenye kikombe cha maji ya moto ili ilainike, unalivisha tundu kama mtu anayemvisha mtoto soksi. Waya unapita katikati ya mpira, haugusi chuma. Nilikuuliza siku moja kwa nini usumbuke hivyo wakati waya wenyewe una ngozi ya plastiki. Ulinionyesha ukingo wa bamba. "Gari linatikisika siku nzima, mama. Hili bamba litautafuna polepole, na wewe utakuwa umeketi juu yake unaimba."

Sasa nafika pale ambapo nimekuwa nikipakwepa kwa miaka mitatu.

Gari lilikuwa limeshakaguliwa na namba zimetoka. Wenzetu wa kanisa walipanga kuja Jumamosi saa nane kuliombea, na Jumapili ungeliendesha hadi ibadani. Lakini Ijumaa ukauona ule waya mkubwa mwekundu, unaotoka kwenye betri nyuma ya kiti kwenda kwenye injini, ukasema umepita karibu mno na bomba la moshi. Ukauchomoa. Ukatoboa tundu jipya kwenye lile bamba linalotenga injini na miguu ya dereva. Jumamosi mchana ukaingia ndani kuoga, ukaacha waya unaning'inia na pete yake mezani. Ulisema ungemalizia ukishavaa, ungekuja na maji ya moto.

Wageni wakaja mapema. Nilisikia milango ya magari, nikasikia sauti ya Pasta, na mimi nilijua ana mazishi ya kuhudhuria Baltimore baadaye. Nikasema nikusaidie. Nikajaribu kuingiza pete ikakataa, mpira ulikuwa mkavu na kile kichwa cha shaba mwishoni mwa waya kilikuwa kikubwa. Sikuwa na subira ya kuchemsha maji. Nikaupitisha waya hivyohivyo, chuma kitupu, nikauzungushia tepu nyeusi mara tatu, nikafunga kila kitu, na pete nikaitumbukiza mfukoni mwa aproni. Nilijiambia nitaiweka Jumatatu.

Ukatoka na suti yako ya kijivu. Uliangalia meza, pete haipo. Ukaangalia waya, umeshapita. Ukasimama kidogo, ukasema kwa sauti ya chini, "Kumbe nilishamaliza." Nilikuwa nimeshika sinia ya chapati, hatua mbili kutoka kwako. Pasta akaita, "Mzee, tuanze," na mimi nikajitia hamnazo.

Waliomba vizuri. Kina mama wakafunga utepe wa kijani juu ya boneti, wakasema utakatwa mlangoni mwa kanisa. Usiku ule niliingia gereji mara moja, nikautazama ule utepe. Kufungua boneti kulimaanisha kuukata, na kuukata kulimaanisha kukueleza. Nilizima taa nikaenda kulala. Mtu mzima, nesi, naogopa utepe.

Kilichofuata unakijua. Ulikuwa unaendesha, mimi kando yako, nguo zetu za Jumapili. Moshi ukaanza miguuni kwako. Waya ule ndio pekee usio na fyuzi, hakuna kitu cha kukata umeme waya ukishagusa chuma. Uliegesha, ukanyoosha mkono nyuma ya kiti, ukaung'oa kwenye betri kwa kiganja kitupu. Sijawahi kuona mtu akifanya jambo kwa utulivu namna ile. Nilikufunga kiganja chako kando ya barabara kwa pamba ileile.

Jioni ulifungua boneti ukaliona tundu. Ukaketi juu ya mkebe wa rangi. "Nimesahau pete," ukasema. Halafu ukaanza kuitafuta, Baba. Chini ya meza, ndani ya ndoo ya skrubu, kwenye mikunjo ya turubai. Ulitafuta kwa mkono mmoja, ule mwingine umefungwa bandeji. Na mimi nikapiga magoti sakafuni nikakusaidia kutafuta.

Hilo ndilo siwezi kujisamehe. Waya ningeweza kuueleza kuwa haraka. Lakini nilipiga magoti pale, natafuta kitu nilichojua kiko wapi.

Kesho yake ulinipa funguo zote, hata za Toyota. Ulimwambia daktari kwamba umeanza kupoteza kumbukumbu, naye akakupima, akasema kwa umri wako uko sawa. Hukumwamini. Ulisema miaka hamsini hujawahi kusahau pete hata moja, kwa hiyo hicho ndicho kipimo chako. Baada ya miezi minne ukaomba kurudi nyumbani kwa Shangazi, kabla hujawa mzigo.

Ningeweza kukuzuia kwa sentensi moja. Nilijiambia kwamba miwani tulishawahi kuikuta ndani ya friji, kwamba mambo haya yalikuwa yanakuja tu. Na niseme yote: uliponipa zile funguo, nilipumua. Nilikuwa nimechoka kukuhofia barabarani. Uongo wangu ulinipunguzia kazi.

Sasa kusahau kumekuja kweli. Najua, kwa sababu wiki iliyopita kwenye simu uliniita kwa jina la marehemu Mama, ukaniuliza kama nimemlisha ng'ombe ambaye tulimuuza nikiwa darasa la nne. Nikakufuata hukohuko kwenye ng'ombe. Halafu ghafla ukauliza, "Lile gari liliungua lote?" Nikasema hapana Baba, waya mmoja tu. Ukasema, "Nilisahau pete." Umesahau majina ya wajukuu, umesahau theluji, lakini kosa langu unalo bado, umelitunza kama lako.

Siku hiyo niliishusha ile aproni kutoka kwenye boksi. Pete ilikuwa bado mfukoni.

Nimeshalirudia gari. Nilikata waya pale ulipoungua, nikatengeneza kichwa kipya. Nikapitisha tupa kwenye ukingo mpaka mkono ukafa ganzi. Pamba ilinasa mara mbili, nikarudia mara mbili. Papa Odilo akaja na kiti chake, akashangaa, "Mama, siku hizi wewe ndiye fundi?" Nikamwambia kila kitu, yeye wa kwanza, mikono yangu ikiwa ndani ya injini ili nisimtazame. Alikunja kiti chake. Kisha akasema, "Ile maneno si ya kuambia miye. Ambia mzee, wakati angali anasikia."

Basi nakwambia. Hukusahau, Baba. Uliiacha pete mezani mahali pake, ukaenda kuoga, ukapanga kurudi na maji ya moto. Mimi ndiye niliyeichukua. Mikono yako ilikuwa mizima na kichwa chako kilikuwa kizima, na daktari alisema kweli. Naomba unisamehe. Na kama leo huna nguvu ya kusamehe, basi amini hilo moja tu: hukusahau.

Maji niliyachemsha kwa birika lako. Pete ikalainika, ikakaa kwenye tundu, na waya mwekundu sasa unapita katikati yake bila kugusa chochote. Nilipowasha gari, liliwaka mara ya kwanza. Sijalitoa gereji.

Nimemwomba Shangazi aiweke barua hii pamoja na dawa zako za asubuhi. Ukiisikia leo na kufikia mchana ikawa imekutoka, akusomee tena kesho. Na kesho kutwa. Nitaungama kila asubuhi ukiwa na chai yako mkononi, mpaka "nilisahau pete" ikutoke kabisa.

Ni mimi unayeniita "mama", binti yako, niliyekuwa nayo mfukoni.