Picha Pekee ya Amolo

Mashimoni, Kibera
Jumamosi, 4 Machi 1978

Kwa mume wangu mdogo Ouma,

Huku tumeamka salama, goti langu tu ndilo limekataa kuokoka. Wewe uko aje? Unakula chakula, ama unakunywa zile dawa za kusafishia picha? Anayeandika ni Mumbua wa mlango wa pili, lakini maneno ni yangu, na nimemwapisha asiyapunguze ukali.

Picha tatu ulizonitumia nimeziona. Ya yule mzee na baiskeli ni nzuri, mpaka naona vile anaipenda baiskeli kuliko mke aliyesimama nyuma. Watoto wa ubatizo umewakata miguu. Walikukosea nini? Na yule bibi harusi amekaa kama mtu anangoja kung'olewa jino. Ulimwambia atulie mpaka akakauka. Siku nyingine mchekeshe kwanza, ndio ubonyeze.

Sasa lile uliloomba. Khamala wa makaa anakuletea picha ya mama yako, nimeifunga kwa leso. Unajua iko moja tu. Mpiga picha aliyeipiga alihama na filamu zake, na Amolo akafa mwaka huohuo, wewe hata hujamaliza kuota meno. Amekushika mikononi, na huo ndio uso wake wa pekee nilio nao. Umesema utaikuza iwe kubwa kama kalenda. Kuza. Lakini hiyo ndogo irudi vile imekuja.

Ni mimi dani wako, mama ya mama yako

*

Kawangware 46
Jumapili, 19 Machi 1978

Dani wangu,

Pole na goti. Mimi mwili uko sawa, kazi tu ndiyo imenibana, watu wa Pasaka wameanza kujipanga mlangoni mwa studio. Ya miguu nimekubali, nilisimama karibu sana. Na bibi harusi ni kweli, nilimwambia asipumue.

Picha ya Mama ilifika salama, nimeiweka ndani ya Biblia. Karatasi kubwa ya kuikuzia imekosekana mjini, tungoje kidogo. Nakutumia moja ya wiki hii, mama anakaanga mandazi na moshi unampita usoni. Niambie ukweli. Hapa hakuna anayeniambia. Wateja wanaangalia tu kama wametoka weupe.

Mjukuu wako, Ouma Lazarus

*

Mashimoni
Jumamosi, 22 Aprili 1978

Kwa mume wangu asiyeonekana,

Sisi wazima, mvua imeingia nyumbani ikatoka, hatukuialika. Wewe mzima? Ya mandazi ndiyo nzuri kuliko zote umewahi kunitumia. Nilihisi moshi machoni. Mumbua naye alitaka kuibandika kwake, nikamkatalia. Usimwongezee rangi huyo mama, muache na jasho lake.

Lakini Jumamosi saba Khamala amepita hapa bila picha ya Amolo. Asubuhi naamka naangalia ukuta pale Amolo alikuwa, naona msumari. Kama karatasi kubwa haiko, sitaki kubwa. Nirudishie ndogo.

Dani wako

*

Kawangware 46
Jumapili, 30 Aprili 1978

Dani,

Niko salama, natumai goti limepoa. Picha iko. Karatasi bado. Usiwe na wasiwasi.

Mjukuu wako, Ouma

*

Mashimoni
Jumamosi, 17 Juni 1978

Ouma,

Habari ya afya yako sikuulizi, nimeshaletewa.

Khamala amenipa bahasha isiyo yako. Imetoka kwa msichana anaitwa Wagaki, binti ya Naftaly mwenye ploti ya hiyo studio. Ameandika kwa heshima, ananiita Cucu, vile kwao wanaita nyanya. Anasema anafurahi kuolewa kwetu. Anasema pole kwa ugonjwa ulionizuia siku ulienda kwao kujulishwa, wewe na baba yako. Siku hiyo sikuwa mgonjwa, Ouma. Nilikuwa sokoni nauza omena. Ndani ameweka picha, ati na mimi niwe na yangu.

Nikaipeleka mlangoni kwa mwanga. Nikaona Amolo amesimama na Nicanor, huyo baba yako. Nicanor amevaa suti na amezeeka, mwanangu bado ni msichana. Nikaangalia vile wewe hunitaka niangalie. Bega moja la Amolo limeinama. Mtu hainamishi bega hivyo kwa sababu ya maua. Anainamisha hivyo akibeba mtoto. Nikakaa chini. Umejitoa mikononi mwa mama yako, ukampa maua ya kuchora, ndio umsimamishe na mwanamume aliyemkana.

Ama umesahau? Amolo alipokufa nilituma watu kwa kina Nicanor, waje wamchukue mke wao wakamzike kwao. Akatoka mlangoni mwenyewe akasema, "Huyo simjui." Ng'ombe hakuwa ameleta hata mmoja. Kwa hivyo tulimzika nje ya ua, vile kwetu msichana ambaye hajaolewa huzikwa, na wewe ulikuwa mgongoni kwangu umelala.

Huyo Wagaki sina neno naye. Nakuuliza kitu kimoja. Picha yangu iko wapi?

Dani

*

Kawangware 46
Jumapili, 25 Juni 1978

Dani,

Nimeshindwa hata namna ya kukusalimia.

Naftaly aliniuliza baba yangu ni nani na kwetu ni wapi. Nikamwambia nimelelewa na nyanya yangu. Akasema, "Hilo sikuuliza." Nikaenda nikamtafuta Nicanor. Aliponiona alilia. Hana mtoto mwingine wa kiume. Akakubali kwenda na mimi, mradi isemwe alimwoa Mama, na kwa kina Naftaly watu wanataka kuona kwa macho. Nikampiga picha, nikamkata Mama kwa wembe, nikawabandika kwa kadibodi na kuwapiga upya pamoja.

Ile ndogo nilikuwa nimeipiga kwanza, iwe akiba. Lakini nilikuwa na haraka, nikakata kabla sijaisafisha hiyo filamu. Ikatoka tupu. Toka siku hiyo nakuandikia uongo wa karatasi.

Nakutumia kipande kilichobaki. Ni mimi, na mkono wa Mama.

Harusi ni Agosti. Njoo, Dani. Nimechoka kuitwa mtoto wa nje.

Mjukuu wako, Ouma

*

Mashimoni
Jumamosi, 1 Julai 1978

Ouma,

Huku tuko vile tuko. Mumbua aliisoma barua yako akafika katikati akataka kuikunja, nikamwambia amalize.

Kipande kimefika. Mkono wa mwanangu umeishia kwa kiwiko, lakini vidole bado vimekushika tumboni.

Mtoto wa nje. Nje ya wapi? Kwangu ulikuwa unalala katikati ya kitanda.

Kumtaka baba si kosa. Ungeniambia, ningekupeleka kwa huyo Nicanor na goti hili, niwaache mlie mpaka mshibe. Lakini mlikaa wawili mkamwoza mwanangu akiwa kaburini, bila kuniuliza mimi niliyemzaa, na mkanifanya mgonjwa ndio nisionekane. Wagaki nimemjibu. Uongo wako sikumwambia. Nimemwambia akuulize mama yako amezikwa wapi. Utamjibu mwenyewe, na baba yake akisikia. Mimi kwa hiyo harusi sitakuja. Kiti changu mpe Nicanor aweke kofia.

Sasa sikiliza. Hiyo kadibodi najua bado uko nayo. Chukua maji ya vuguvugu, uiloweshe nyuma polepole vile unaosha picha zako, umtoe mwanangu kando ya huyo mtu. Usiniandikie kwamba gundi ni kali. Usimpake rangi, usimtengeneze. Akitoka amechanika, mfunge kwa leso yangu hivyo hivyo. Nilimpokea akiwa kwa jeneza. Sitashindwa kumpokea amechanika.

Mpe Khamala amlete. Wewe usije naye.

Mama yake Amolo