Kufungua Injini na Baba Mkwe

Ilomba, Mbeya.
11 Agosti 2024

Kaka yangu mpendwa Jailos,

Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mgongo ulioumia kiwandani umeanza kunyooka. Wifi Matilda hajambo? Baridi ya Mgololo naijua, usimwache afue asubuhi. Sisi huku tu wazima, ila mimi nimechoka, kaka. Nimechoka mpaka kanisani naogopa mahubiri marefu, maana nitakoroma mbele za watu.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunikatiza kabla sijamaliza. Halafu kuna mchoro nyuma ya karatasi hii, nataka uukague.

Habari kubwa ni Prado. Limefikisha kilomita laki nne na sitini elfu na sasa limegoma. Maji ya rejeta yanapotea, ekzosi inatoa moshi mweupe, na oili imekuwa kama chai ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi imekwisha. Mafundi wawili wa mtaani wamefungua na kufunga, kila mmoja akaniambia, "Mama, limepona hilo," na kila mara limechemsha kabla ya kufika Uyole.

Ungesema tuliache. Lakini Jumatatu tarehe 26 baba mkwe anatakiwa hospitalini Iringa, kutolewa mtoto wa jicho. Macho yote mawili yameziba, tangu Pasaka anaona mwanga tu. Nafasi hiyo tumeisubiri tangu mwaka jana, na akiikosa hatujui atapangiwa tena lini. Basi hawezi kupanda, goti lake la kushoto halikunji. Kwenye Prado analala kiti cha nyuma na kunyoosha mguu. Mume wangu Alinanuswe yuko na lori kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, wiki ya tatu sasa. Kwa hiyo injini tunaitengeneza wenyewe, mimi na mzee, ambaye gereji ndiyo ilikuwa kazi yake ya maisha.

Najua umecheka. Mimi na baba mkwe! Unakumbuka siku ile ulipokuja, ukaniona nakimbilia nyuma ya banda la kuku na ndoo kichwani, kisa mzee anatoka msalani. Wanyakyusa wa umri wake hawana mchezo na jambo hili: mkamwana hamtazami baba mkwe wala hatazamwi naye, hakai naye, hatamki jina lake. Miaka ishirini na miwili nimeishi hivyo.

Na jina lake la gereji ndilo limenitesa. Ilomba nzima inamwita kwa jina la kile kidude kinachokazwa kwenye boliti. Hata hapa siliandiki. Wiki iliyopita nilikwenda kwa Anil, yule wa duka la spea, kununua hivyo vidude. Nikamwambia nipe vile vya kukazia, akanipa boliti. Nikasema hapana, wenzi wa boliti, akanipa washa. Nikachoka kubishana, nikarudi nyumbani na washa kumi na mbili, mtu mzima mimi. Safari ya pili nilimwonyesha kimoja kiganjani. Akalitaja jina kwa sauti dukani, nikajikuta nimepiga goti kwa heshima. Wateja walinitazama sana.

Mwiko aliuvunja mzee mwenyewe. Nilikuwa nimeinamia injini peke yangu, boliti imekataa kutoka, nalia kidogo. Akaja anapapasa ukuta kwa fimbo. Nikataka kukimbia.

"Mkamwana, kaa hapohapo," akasema. "Mwiko huu ni wa macho, na mimi macho sina."

Sijui kama wazee wenzake kule Rungwe wangekubali, lakini sikuwa na nguvu za kubishana.

Tangu hapo tunashinda pamoja. Yeye anaona kwa vidole. Ndiye aliyegundua kosa la mafundi: walikaza boliti kuanzia pembeni, wakati inatakiwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, kidogo kidogo. Hedi tumeshaitoa, karakana wameisawazisha, haina ufa. Mabaki ya gasketi nayakwangua mimi. Juzi akanitania kwamba nakwangua kama namenya viazi. Nikamjibu viazi vyangu amevila miaka ishirini na miwili hajalalamika. Alicheka mpaka akakohoa. Sikuwahi kukisikia kicheko chake kwa karibu.

Sasa ombi langu: nitumie ile spana yako ya kukazia kwa kipimo, mpe konda wa basi la Alhamisi. Na huo mchoro ni boliti kumi na nane, nimeziandika namba kwa mpangilio alionitajia. Kama amekosea mahali, niambie mimi tu, yeye usimwambie.

Kuna jambo linaniuma. Jana, akiwa anasafisha boliti kwa mafuta ya taa, aliniuliza kama mimi ni mweusi au maji ya kunde. Kaka, mtu huyu nimemzalia wajukuu watatu na hajui sura yangu! Nikamwambia maji ya kunde, nina mwanya. Akaendelea kusugua boliti. Mimi nikawaza: gari likipona na macho yakifunguka, mazungumzo yetu yameisha. Naikarabati injini hii ili nimpoteze. Nadhani alinisikia navuta kamasi.

"Siku wakinifungua bandeji," akasema, "usitoke chumbani. Nikuone mara moja, kisha turudi kwenye heshima yetu."

Nisalimie Adrian na Esta, waambie shangazi yao anawakumbuka. Mungu awakinge na baridi hiyo na akuponye mgongo. Wifi Matilda naye mwombe aifunge hiyo spana ndani ya kitenge chake kimoja kizuri, nitamrudishia tukipita wakati wa kurudi kutoka Iringa. Nimetoa nguo zangu zote kabatini, kaka, na sijaona hata moja ya kuonekana nayo mara moja tu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Lea