Jina Yenye Sitaandika Tena

Kambi ya mawe, mbele ya Ntoto

Kwa dada yangu Feza, Kirolirwe,

Dada, jambo kwako kwanza, kisha kwa Papa na Mama wenye wameketi karibu yako sasa unaposoma, na kwa kuku zangu kama hamujazikula. Mugongo ya Papa iko namna gani? Maharagi imeota? Miye niko muzima. Mvua ya huku haijui kupumuzika, shati inakaukia juu ya mwili, lakini nanenepa. Siku moja nitapita mbele yako na utaniamkia kama mugeni.

Barua yako ilifika na kamyo yenye inabeba mizigo toka Sake. Nimeisoma miye mwenyewe, pole pole, bila kuomba muntu hata neno moja. Najua unacheka. Weye ulimaliza masomo yote kwa Masista, na miye Papa alinitoa mu mwaka ya tatu juu ya mbuzi zake. Lakini hapa kambi, wenye kujua kuandika tuko wawili: karani mukubwa na ndugu yako. Na karani hana wakati.

Umeniuliza juu ya Riziki. Wazazi wake wanataka neno langu mbele ya mavuno: nitamuoa, ao wamupe ule kijana wa Masisi mwenye kujiringa na kukanyaga kinga ya matairi mupya? Unasema niandike ndiyo ao hapana, nisizunguke. Dada, jibu iko mu hii barua. Usirukie mwisho, nakujua.

Kazi kwanza. Tunachimba mawe nyeusi mu mutoni, tunasafisha muchanga na maji mupaka mawe inabaki chini ya karai. Kwa mafikiri yangu faranga ya kazi ya beleshi inasafishwa vile vile, isipokuwa hakuna mawe yenye inabaki. Mushahara inatoka asubui, kodi inakamata, kantini inakamata, pombe ya juma mosi inamaliza. Kwa hiyo jioni naketi juu ya sanduku ya sabuni mbele ya nyumba, naandikia watu barua zao. Faranga nimekataa. Nakamata yai, chumvi, samaki ya moshi. Kapita wetu, mwenye kutusimamia kazi, ananiita Bwana Karani wa Mayai. Nilimwambia, “Papa Kapita, weye unapiga kelele siku muzima na hauna hata yai moja.” Alinitupa mu maji mpaka kifua. Lakini alicheka.

Sasa sikia. Kuko mwanaume mumoja hapa, jina lake Musafiri, mutu wa kazi na wa kunyamaza, tunapakana ukuta. Bibi yake Sifa alienda kuzaa kwa mama yake, Ntoto. Mutoto alianza kutambaa, na mama mukwe bado hajamurudisha bibi. Anataka Musafiri akuje kumuomba yeye mwenyewe, na huku kazi haimuachi. Musafiri akaniletea mayai mawili.

“Barua inaenda kwa nani?”

“Kwa mama wa bibi yangu.”

“Jina yake?”

Akaangalia miti.

“Kaka Musafiri, kamyo haiwezi kutafuta mama wa bibi yako pori muzima. Sema jina.”

“Unajua siwezi.”

“Basi niambie kwa sikio.”

“Hata kwa sikio, Bahati. Andika, niache.”

Hata kwetu mukwe hataji jina ya mama mukwe, na Papa hajataja jina ya mama ya Mama tangu nizaliwe, ile najua. Lakini nilifikiri kusema iko kusema, na kuandika iko kuandika. Kalamu haina mudomo. Nikauliza jina kwa mubeba mizigo mumoja wa Ntoto, nikaiandika. Na si inje ya barua tu. Herufi ya mbele ilitoka muzuri sana, na mukia kama ya ng'ombe, nikairudilia mwanzo, katikati na mwisho: miye Musafiri nakusalimu weye fulani, miye Musafiri nakuomba weye fulani.

Kule Ntoto hakuna mwenye kujua kusoma isipokuwa mwalimu. Akaisoma kwa sauti kubwa siku ya mungu, watu wakitoka kanisa. Wamama wakafunika midomo. Mama mukwe akasimama, akakunguta kitambaa yake, akasema, “Mukwe wangu ameniita mbele ya watu kama muntu anaita mbuzi. Sifa harudi.”

Mubeba mizigo njo alituletea habari. Nilingojea Musafiri anipige. Afazali angenipiga. Aliketi mu mutoni na karai tupu juu ya magoti, akasema tu, “Bahati, nilikuazima mudomo yangu.”

Dada, sikulala. Siku ya mungu yenye ilifuata nilikamata kuku yangu, ile yenye nilinunua na chumvi ya barua, nikaenda Ntoto na miguu. Mama mukwe alikuwa anamenya ndizi.

“Weye nani?”

“Miye njo ule mudomo.”

Kisu ikasimama.

“Mama, ni hii mukono iliandika. Musafiri alikataa kutaja jina yako, hata kwa sikio. Miye si mukwe wako, naweza kukuita jina mupaka jioni.”

“Jaribu.”

Nikaita. Akaniangalia juu mpaka chini.

“Unaiita mubaya,” anasema. “Ule mwanaume hajaiita hata mara moja, hata siku nilimunyima nyama mbele ya wandugu zake. Mbuzi za mahari zilikwisha kufa zote. Kunyamaza yake njo yenye ilinibakia. Na weye ukainyanganya na kalamu.”

Nikamupa kuku. Akaipima na mukono, akasema imekonda sawa mwenyewe, akaniekea ndizi na mboga ya sombe. Nilipomaliza kula akasema, “Andika sasa. Baba wa mutoto, bibi yako anakuja.” Niliandika vile vile, baba wa mutoto, bila mukia.

Sifa alifika juma ingine. Mutoto analia kila usiku nyuma ya ukuta yangu, na Musafiri ananiletea mayai tena. Sasa mbele ya kuandika nauliza kila muntu: kama angekuwa mbele yako, ungesema namna gani? Masista hawakutufundisha ile, ao walifundisha mu mwaka ya ine. Karani mukubwa aliona mwandiko yangu, akasema iko mubaya lakini inasomeka. Mwezi unaokuja nitamusaidia kuita majina asubui. Mwambie Papa mbuzi zake zimetoa karani.

Salimia Mama, asiache kuniombea. Salimia Papa na mugongo yake. Salimia mudogo wetu Mapendo, nitamuletea kalamu, aanze kuharibu karatasi. Salimia mwalimu mwenye alinivuta masikio, bado yako mahali yake.

Salimia Riziki. Salimia na mama yake, wa nyumba ya juu ya barabara. Mu barua zangu zote ule mama nilimuandika kwa jina, na herufi kubwa, na uliniambia alifurahi. Ile jina sitaandika tena, leo wala siku ingine. Somea Papa hii mustari mara mbili. Akiuliza jibu langu iko wapi, mwambie amekwisha kuisikia.

Ni miye ndugu yako mwenye kukuzidi urefu,
Bahati