Hina ya mkono mmoja

Mkesha wa Idi, Chang'ombe

Homa ya mwanangu imeshuka, alhamdulillahi.

Nilikuwa nimempaka Zuhura hina mkono mmoja tu nikahisi anaungua. Kumbe kichwa kilimuuma tangu asubuhi, kanyamaza asije akakosa hina.

Mama mkwe akasema, "Degedege hilo, mama Zuhura. Akichomwa sindano tutampoteza."

"Nisamehe, mama. Nampeleka."

Zahanati wakakuta malaria, wakampa dawa. Njia nzima ya kurudi nilimwaza mama, maana sijawahi kumbishia.

Tulipofika alitufungulia mlango, akarudi jikoni. Zuhura akalala.

Sasa hivi nimechungulia chumbani, nimemkuta mama kainama, anampaka mkono wa pili.

"Mtoto haingii Idi na mkono mmoja," akasema. "Nenda kalale, umechoka."