Chupa Zilizonukia Sabuni

Alhamisi, Julai. Jioni.

Baridi ya leo ni ile ya kuvaa sweta juu ya sweta. Mlima Kwaraa haujaonekana tangu asubuhi, wingu limeukalia, na upepo unaoshuka huko umenichana midomo. Nimebandika maharage, nimekaa karibu na jiko, na simu nimeilaza kifudifudi mezani. Sitaki kuiangalia.

Nina wivu.

Naandika hivyo bila kuzunguka, kwa sababu wiki nzima nimekuwa nikiuita majina mengine. Mara uchovu, mara mafua, mara baridi ya Babati. Ni wivu, na una jina la mtu.

Nitamwita Upendo. Majina yote humu nimeyabadilisha, ya wagonjwa pia. Tulikaa dawati moja sekondari miaka minne, hapa hapa mjini. Kwenye Biolojia nilimpita kila muhula, na alikuwa akinakili mchoro wangu wa figo kwa sababu wa kwake ulitoka kama kiazi. Baada ya kidato cha nne baba akasema diploma ya maabara inatosha, wadogo zangu nao wanasubiri zamu yao. Upendo akaendelea. Mimi leo ni Mama Glori wa maabara, mwaka wa kumi na tatu natazama mkojo wa watu kwenye hadubini. Yeye ni Dokta Upendo. Si daktari wa kutibu, ni wa shahada ya uzamivu, na wiki iliyopita alirudi kutoka Ulaya na maboksi mawili ya barafu na koti zuri sana.

Hilo koti nimelitazama kuliko nilivyotazama kazi yangu.

Amekuja kukusanya seli za figo. Hapa kwetu hakuna anayemkata mtu kipande cha figo, lakini figo inayoumwa hupukutisha seli zake, nazo hutoka na mkojo. Hizo ndizo anazozitaka, na anazitaka zikiwa hai. Akizipata anazisafisha, anaziweka kwenye dawa ya kuzitunza, kisha zinasafiri kwa barafu hadi kwenye mashine ya huko chuoni kwake, inayosoma jeni za seli moja moja.

Ijumaa iliyopita aliwaeleza wagonjwa wetu wa kliniki, na mimi nilikaa nyuma kabisa. Alisema zamani walisaga kipande chote cha figo wakasoma jeni zake kwa mkupuo, kama mkutano wa kijiji ambapo mtendaji anaandika "wote wamekubali" na huwezi kujua nani alinuna kwenye kona. Siku hizi wanabisha hodi kaya kwa kaya. Kila seli inaingia kwenye tone lake dogo, inapewa alama yake, halafu wanasoma ndani yake jeni zipi zimeamka na zipi zimelala. Seli za kuchuja damu zinasema lao, za mirija zinasema lao. Mara nyingine kinachoanza kuharibika ni kikundi kidogo tu, mapema, miguu ya mtu ikiwa haijavimba.

Nilichukia kwamba nilielewa.

Mzee Gidamis, mfugaji kutoka upande wa Hanang, aliyekuja kulala kwa binti yake huko kijiji cha Bonga ili ahudhurie, akanyoosha fimbo. "Hiyo ni masikio ya ng'ombe," akasema. "Unakata alama kwa kila mmoja. Hata makundi yakichanganyikana kwenye maji, kila mtu anajua wake." Upendo akasema, "Mzee, nimesomea jambo hili miaka sita, sijasikia mtu akilieleza vizuri hivyo." Watu wakacheka kwa furaha. Mimi nilikuwa natafuna mfuniko wa kalamu. Nilimwonea wivu hata mzee wa watu.

Na kuna hili, ambalo ndilo lililonichoma zaidi. Miaka mitatu iliyopita niliomba kwenye kikao kwamba mkojo wa wagonjwa wa kisukari uangaliwe kwenye hadubini kila kliniki, siyo kuchovya kijiti tu na kuandika. Mganga mfawidhi akasema, Mama Glori, unatuongezea kazi. Ijumaa Upendo alisema maneno hayo hayo, na mganga mfawidhi akayaandika kwenye daftari lake na kuyapigia mstari. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Basi chupa zikagawiwa. Hapa mtu mzima hawezi kukojoa kwenye choo cha hospitali halafu akapita na chupa mkononi mbele ya wanaume waliopanga foleni, ni aibu. Chupa inaenda nyumbani na inarudi asubuhi ndani ya mfuko mweusi, imefungwa kwa kitambaa, imefichwa kwenye pochi. Upendo ni wa hapa, hilo alilikumbuka. Ndani ya kila chupa alikuwa ameshatia majimaji kidogo ya pinki, ambayo ni chakula cha seli, yazitunze zisife njiani. Alieleza habari za jeni nusu saa nzima. Habari za yale majimaji hakuzieleza hata kwa dakika moja.

Jumatatu saa mbili asubuhi Mama Yusufu alikuwa wa kwanza. Ana duka la vitenge karibu na stendi, mwanamke msafi kupita kiasi, ukimpa mkono unasikia udi. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea mfuko wake.

"Chupa yenyewe nimeiosha vizuri mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mlinipa ina maji ya pinki ndani, nikajua imetumika. Nimeimwaga, nikaisugua kwa sabuni ya unga, nikaisuuza na maji ya moto. Siwezi kumletea daktari chupa chafu."

Nikasema, "Asante, Mama Yusufu."

Nikaandika namba juu ya chupa. Ni hayo tu niliyoyafanya.

Aliyekaa maabara hata mwezi mmoja anajua sabuni inafanya nini kwenye seli. Inazipasua. Chupa zote tano za Jumatatu zilikuwa hazina pinki hata kidogo, zina povu, zinanukia sabuni. Kazi yangu ilikuwa kuzipokea, kuzifungua, kuzizungusha kwenye mashine na kumpa Upendo kile kinachotuama chini. Pinki kupotea hakukumshtua, maana mkojo huweza kuigeuza manjano; povu aliliona, akasema ni protini, kwamba ndivyo mkojo wa wagonjwa wa figo ulivyo, na ni kweli ndivyo ulivyo. Harufu hakuipata kwa sababu mimi ndiye ninayefungua. Akadondosha rangi ya bluu, akainama kwenye hadubini yangu. Seli hai huikataa rangi ile, iliyokufa huinywa. Akatazama muda mrefu.

"Zote zimekufa," akasema.

Nilisimama nyuma yake na kitu fulani ndani yangu kikatabasamu. Najua neno lake mtaani, wanasema roho ya korosho. Nilikuwa nikidhani ni ya wengine.

Usiku ule nilijiambia nitamwambia kesho yake. Jumanne zikaja tano nyingine, zote zinanukia vilevile. Upendo akabadilisha barafu. Akabadilisha mwendo wa mashine. Akanimiminia maswali, "Mama Glori, unadhani ni njiani? Ni joto la mfukoni?" nami nikasema huenda. Nilitaka nini hasa? Nimejiuliza leo siku nzima. Sikutaka wagonjwa wadhurike. Nilitaka tu kumwona mara moja amekwama mahali ambapo mimi najua njia.

Jumatano akaja Mzee Gidamis mwenyewe, na binti yake. Kaka wawili wa mzee walikufa wamevimba, na yeye miguu imeshaanza. Upendo alikuwa amenidokeza kwamba huyo ndiye anayemhitaji kuliko wote, kwa sababu ugonjwa unatembea ndani ya ukoo, na seli zake huenda zikasema kitu ambacho za wengine hazitasema. Mzee akanikabidhi chupa kwa mikono miwili. Nikaifungua. Binti yake alikuwa ameiosha kwa bidii kuliko wote.

Pale pale ningeweza kusema. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi, hatua kumi kutoka nilipokuwa, na chupa mpya zilikuwa kabatini. Nilimuaga vizuri, nikamshika mkono, nikamwambia safari njema.

Leo asubuhi Upendo alifika na macho mekundu. Akakaa kwenye kiti changu, hakuwasha hata hadubini. Akasema amemwandikia msimamizi wake kwamba Babati imeshindikana, na amejibiwa kwamba nafasi za Babati wapewe wagonjwa wa mji mwingine. Tiketi yake ni ya Jumamosi. "Nilipigana mwaka mzima ili watu wetu wawemo," akasema. "Waliniambia niende miji mikubwa, nikakataa. Nikawaambia kule nina rafiki yangu maabara, tulisoma wote, ana jicho kuliko mimi."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Nikasema, "Chupa zinaoshwa."

"Nini?"

"Wanamwaga yale majimaji ya pinki. Wanaona ni uchafu. Wanaosha kwa sabuni ya unga ndipo wanatumia."

Alinitazama. Kisha akacheka, akajipiga paji la uso, akacheka tena na machozi yakatoka. Akasema mama yake mzazi angefanya vilevile, na yeye alikuwa na akili gani kuwapa wanawake wa Babati chupa yenye maji ndani bila kuwaambia ya nini. Akasimama akanikumbatia. Lile koti ni laini kweli.

"Umegundua lini?"

Nikasema, "Leo."

Mchana wote sikukaa. Nilipanda bodaboda na mfuko wa chupa mpya, Singe, Bagara, Bonga, nyumba kwa nyumba, naeleza kwamba majimaji ya pinki ni chakula, msimwage, msioshe, mkileta kitu chochote chenye sabuni nitakirudisha. Mama Yusufu alinisikiliza, akaniuliza taratibu, "Mbona Jumatatu hukuniambia, mwanangu?" Nikasema nilikuwa sijajua. Alinipa maji ya kunywa. Kesho wagonjwa kumi wataleta tena, na mganga mfawidhi amekubali maabara ifunguliwe saa kumi na mbili ili seli ziwahi kuwekwa kwenye barafu.

Wa kumi na moja ni Mzee Gidamis. Kwa binti yake nimefika, nimekuta ameshaondoka na gari la alfajiri. Simu yake haipatikani, na binti anasema akiwa kwa ng'ombe hukaa hata wiki mbili bila kuichaji. Nilipompa Upendo habari hiyo akasema, "Basi. Tungejua jana tu."

Tungejua jana tu.

Alasiri alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasema Mama Glori ameuokoa utafiti. Watu wakapiga makofi. Mganga mfawidhi akasema siku zote alijua nina uwezo, na nilimtazama nikakosa hata hamu ya kumchukia. Upendo akasema jina langu litaandikwa kwenye kazi hiyo miongoni mwa wenye kazi, siyo kwenye shukrani mwishoni. Jina langu kamili, kwenye jarida la wataalamu. Nimelitamani jambo hilo tangu siku ninachora figo naye anaangalizia.

Nimelipata, na nimeshindwa kula.

Wivu nilidhani unakufa ukipewa unachokitaka. Wangu haujafa, umegeuka upande. Sasa namwonea wivu kwa kitu kingine kabisa: kwamba alisema mbele ya watu waliomzidi cheo kwamba mimi nina jicho kuliko yeye, na hakupungukiwa na chochote. Mimi nilishindwa kumwambia sentensi moja kuhusu sabuni. Na gharama yake hakuilipa yeye. Ameilipa mzee mmoja mwenye miguu iliyovimba, ambaye alilala Bonga siku nyingi kwa ajili ya chupa moja.

Nimeigeuza simu. Ujumbe wake uko pale tangu saa kumi na moja: "Shoga, nitumie majina yako matatu kama yalivyo kwenye cheti, nataka niyaandike leo."

Waliosema mficha uchi hazai walikuwa hawajui maabara, lakini walinijua mimi.

Nimeandika nikafuta mara nne. Mara ya tano nimeuacha ujumbe hivi: "Kabla hujaandika jina langu, ujue niliona tangu Jumatatu. Mama Yusufu aliniambia mwenyewe. Nilinyamaza kwa sababu nilikuonea wivu. Ya Mzee Gidamis ni mimi. Jumapili nitamfuata huko aliko na boksi la barafu, hata kama ukiniondoa, na seli zake nitakutumia."

Nimetuma.

Sasa ni kama dakika saba. Ameshausoma. Maharage yananuka kuungua na siinuki. Wakati wote huu nimekuwa nikiandika hapa ili mikono isikae bure, na nimejaribu kufikiria atanijibu nini, nikaona kila jibu ni haki yake.

Simu inaita. Ni yeye.

Ngoja nipokee.