Beringi za babu Swalehe

Mwanne, upo? Nimetoka kijijini Lionja, kwa bibi, sasa hivi.

Unakumbuka tulivyokuwa tunacheka, eti babu Swalehe alifukuzwa kwa wizi Nachingwea mwaka 51? Hakuiba kitu.

Alikuwa fundi kwenye gereji ya mradi wa karanga. Bosi wake mzungu alikuwa na kigari cha mbio, kikuukuu. Babu akamwaga oili, akaona vumbi la chuma linameta. Akamwambia, "Bwana, tubadili beringi za injini kabla haijaanza kugonga." Mzungu akakubali. Siku tatu babu yuko chini ya gari.

Likawaka. Mzungu akasikiliza, akasema, "Mwanzo haikugonga. Sasa haigongi. Umetengeneza nini?"

Babu akatoa mfukoni beringi za zamani amwonyeshe zilivyolika.

Mzungu hata hakuziangalia. Akamwita askari. "Ameiba vyuma vyangu. Vilikuwa mfukoni mwake."

Mfukoni mwake, Mwanne. Akachapwa viboko mbele ya mafundi wenzake, na bibi amesimama hapo na chakula alichomletea.

Miaka mingi kigari kile kilikuwa kikipita Lionja, babu alikorudi kulima. Mzungu anapiga honi, anamwita mwizi. Babu anaacha jembe, anasikiliza injini mpaka ipotee.

"Haigongi," anamwambia bibi.